Kuhamisha Mfumo wa Kompyuta ya Utafiti hadi Diski Mango bila Kusakinisha Upya: Suala la Uhifadhi wa Data za Lugha

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mfumo mzima wa kompyuta unavyoweza kuhamishwa kutoka diski ya sahani zinazozunguka hadi diski mango, bila kusakinisha upya mfumo endeshi na programu zake. Hoja ya msingi ni kwamba kompyuta ya mtafiti wa lugha ni sehemu ya kumbukumbu ya utafiti wenyewe. Kwa hiyo, uamuzi wa kuifuta na kuanza upya, ambao aghalabu huachiwa fundi, ni uamuzi wa kitaaluma na unastahili kuwekewa kanuni.

1.0 Utangulizi

Fundi akiletewa kompyuta iliyozubaa, tiba anayoitaja kwanza mara nyingi ni “kupiga Windows upya”, yaani kufuta kila kilichomo katika diski na kuweka mfumo endeshi mpya. Kwa kompyuta ya duka la kuchapa barua, tiba hiyo haina madhara makubwa. Kwa kompyuta ambayo mtafiti ameitumia miaka kumi kunukuu masimulizi, kutengeneza kamusi au kuchanganua toni za lugha ya jamii, tiba hiyohiyo inaweza kufuta kazi ambayo hakuna aliyejua kwamba imehifadhiwa humo.

Mfano mzuri ni fonti. Kabla ya usimbaji wa Unicode kuenea, wanaisimu wengi waliandika alama za kifonetiki kwa fonti maalumu kama SIL Doulos IPA93, ambazo ziliazima nafasi za herufi za kawaida na kuzivika sura nyingine. Faili lililoandikwa kwa njia hiyo halibebi alama ya king’ong’o wala ya toni. Linabeba namba tu, na fonti iliyomo katika kompyuta ndiyo inayoigeuza namba kuwa alama. Fonti ikiondoka, ukurasa wa kamusi hugeuka mchanganyiko wa herufi usiosomeka. Ndivyo ilivyo pia kwa mpangilio wa kibodi ambao mtafiti alijitengenezea ili apate ĩ na ũ za Kikuyu, kwa mipangilio ya programu ya Toolbox, kwa maneno yaliyoongezwa mwaka hadi mwaka katika kikagua tahajia, na kwa programu ambayo namba yake ya leseni haikumbukwi tena. Vitu hivi havikai katika folda ya nyaraka ambayo kila mtu hukumbuka kuinakili. Vimetawanyika ndani ya mfumo.

Shinikizo la kufuta limeongezeka siku hizi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, ilhali Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Makala haya hayapingi ununuzi wa vifaa vipya. Yanachodai ni kwamba kabla kompyuta ya zamani haijafutwa wala kutupwa, mfumo wake uhamishwe ukiwa mzima.

2.0 Kwa Nini Diski Ndiyo Chanzo cha Uzito

Diski ya sahani ni kifaa cha mwendo. Ndani yake zimo sahani zenye utando wa sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea unaosogea juu yake. Ukoo wake unaanzia IBM 350 ya mwaka 1956, iliyokuwa na sahani 50 na kubeba herufi milioni 5. Katika diski ya mizunguko 7,200, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Hivyo kichwa husubiri wastani wa milisekunde 4 hivi kabla data inayotakiwa haijapita chini yake, mbali na muda wa mkono kusogea. Kusoma faili moja kubwa hakuna taabu. Tatizo ni kuwasha mfumo endeshi, maana huhitaji maelfu ya mafaili madogo yaliyotapakaa, na takribani kila moja hudai kusubiri upya. Diski mango haina sahani wala mkono. Data hukaa kama chaji za umeme ndani ya chipu, na ombi moja hujibiwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo. Ndiyo maana kompyuta ileile, yenye prosesa ileile, huonekana kama imefufuka.

Jina lenyewe linahitaji neno. “Mango” limezoeleka katika vitabu vya sayansi vya shule kwa hali ya kitu kigumu, na “diski mango” inalifuata vizuri, ingawa kifaa hiki si diski kwa maana ya kitu cha duara. Kenya hutumia sana “tarakilishi”, Tanzania “kompyuta”, na mjadala huo haujafungwa. Kwa mshauri wa sera suala ni la kiutendaji zaidi: waraka wa ununuzi unaosema “diski” bila kufafanua aina yake unaweza kuletewa diski ya sahani, na muuzaji hatakuwa amevunja mkataba.

3.0 Kinachohamishwa

Wengi hudhani kwamba kunakili folda zote kutoka diski moja hadi nyingine kunatosha. Hakutoshi. Diski imegawanywa katika vizigeu, yaani sehemu zinazojitegemea, na baadhi yake mtumiaji hazioni kabisa: kipo kizigeu kidogo chenye programu ya kuwashia, kipo cha mfumo wenyewe, na mara nyingi kipo cha kurekebishia hitilafu. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali linaloeleza kila kizigeu kinaanzia na kuishia wapi. Jedwali la zamani, MBR, kwa kawaida haliwezi kuvuka terabaiti 2; la kisasa, GPT, halina kikwazo hicho. Programu ya kuwashia huutafuta mfumo kwa namba ya utambulisho ya diski na kizigeu, wala haiangalii majina ya folda. Kuhamisha mafaili bila jedwali na namba hizo ni sawa na kuhamisha fasili za kamusi ukaviacha vidahizo: maarifa yote yapo, lakini hakuna njia ya kuyafikia.

Kinachotakiwa basi ni nakala pacha, yaani nakala ya diski nzima pamoja na vizigeu, jedwali na namba zake.

4.0 Namna ya Kuhamisha

Kazi huanza kwa nakala ya akiba, ambayo si kitu kimoja na nakala pacha. Rekodi, matini na kamusi zinakiliwe kwanza mahali pa tatu, nje ya diski zote mbili. Kisha ichunguzwe afya ya diski ya zamani. Diski huweka kumbukumbu zake zenyewe za hitilafu, na idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ndiyo ya kuangalia. Ikiwa inaongezeka, diski inakufa, na hapo si mahali pa programu ya kurekebisha mafaili, kwa kuwa huilazimisha diski dhaifu kufanya kazi zaidi. Chombo kinachofaa ni GNU ddrescue, kinachosoma kwanza sehemu nzima, kikaweka kumbukumbu ya sehemu mbovu, na kuzirudia baadaye.

Diski mpya lazima iendane na mashine. Kompyuta mpakato nyingi za muongo uliopita hupokea diski mango ya inchi 2.5 ya kiunganishi cha SATA, ambayo kasi yake haizidi sana megabaiti 550 kwa sekunde. Aina ya NVMe ina kasi zaidi, lakini huhitaji nafasi maalumu katika ubao mkuu, na mashine nyingi za zamani haziwezi kuwasha mfumo kutoka kwake. Kwa kazi ya kunukuu na kuhariri, SATA inatosha. Nisingeshauri idara itumie fedha kwa zaidi ya hapo katika kompyuta ya zamani.

Ukubwa huwachanganya wengi. Diski mpya inaweza kuwa ndogo kuliko ya zamani, mradi data zilizopo zienee. Lakini programu kama Clonezilla, iliyotengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan na inayotolewa bure, hukataa diski ndogo isipoelekezwa vinginevyo, na kizigeu cha mfumo lazima kipunguzwe kwanza. Kama diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, ufunguo wa kuokolea upatikane na usimbaji uondolewe kabla ya kuanza. Mfumo nao uzimwe kikamilifu, usiachwe katika usingizi ambao Windows huuita kuzima.

Kompyuta huwashwa kwa flashi yenye Clonezilla ili mfumo unaonakiliwa usiwe unafanya kazi. Hatua inayofuata haina kurudi nyuma: kuchagua diski ipi ni chanzo na ipi ni mwisho. Mwelekeo ukigeuzwa, diski tupu hunakiliwa juu ya utafiti wote. Kwa hiyo, diski zitambuliwe kwa modeli na namba ya mfululizo, si kwa ukubwa pekee, na namba hizo ziandikwe katika karatasi kabla mashine haijafunguliwa. Katika chumba chenye watu wawili, mmoja asome na mwingine athibitishe.

Nakala ikikamilika, diski ya zamani itolewe kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Pacha hizi zina namba moja ya utambulisho: Windows ikiziona zote mbili huiweka moja kando, na Linux inaweza kufungua kizigeu cha diski isiyokusudiwa. Baada ya hapo kizigeu hupanuliwa kijaze nafasi iliyobaki. Mifumo ya enzi za Windows XP ina suala la ziada: kizigeu chake cha kwanza huanzia sekta ya 63, mahali pasipolingana na vipande vya baiti 4,096 ambavyo diski mango huvitumia, na nakala pacha hurithi kasoro hiyo isiporekebishwa. Kuanzia Windows Vista tatizo hilo halipo.

Jaribio la mwisho si la fundi. Mtafiti mwenyewe afungue faili lake la zamani kuliko yote, atazame alama za kifonetiki, acheze rekodi, achape maneno machache kwa kibodi yake.

5.0 Pale Kusakinisha Upya Kunapofaa

Mfumo ulioshambuliwa na virusi usihamishwe. Pacha wake atazaliwa mgonjwa. Aidha, kuuhifadhi mfumo wa zamani si ruhusa ya kuuunganisha na intaneti. Windows 7 iliyohamishiwa diski mango itawaka upesi, lakini matundu yake ya usalama hayajazibwa. Ifanye kazi ikiwa imetengwa, au taswira ya diski yake ifunguliwe kama kompyuta pepe ndani ya mashine mpya.

6.0 Diski Iliyobaki

Uhamishaji huacha nakala mbili kamili za kazi ile ile, na hapa sera nyingi hunyamaza. Kwa upande wa uhifadhi, diski mango isifungiwe kabatini kama hazina ya muda mrefu. Kiwango cha JEDEC kwa diski za watumiaji wa kawaida hudai kwamba diski iliyofikia ukomo wake wa kuandikwa ihifadhi data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzijoto 30 za Selsiasi. Joto likizidi, muda hupungua, na stoo isiyo na kiyoyozi mjini Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huzivuka nyuzijoto hizo bila shida. Diski ya sahani iliyo na afya hufaa zaidi kukaa bila umeme, ingawa nayo isiwe nakala pekee.

Kwa upande wa watu waliorekodiwa, diski hiyo ina sauti, majina na pengine siri za familia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kuifomati kwa haraka hakuondoi data. Huondoa orodha yake tu. Diski ya sahani huandikwa juu yote, mwanzo hadi mwisho. Diski mango, ambayo huhamisha maandishi ndani yake bila mtumiaji kujua, hufutwa kwa amri yake yenyewe ya kufuta salama. Kanuni ya idara iseme ni nani anayeishika diski ya zamani, katika kabati gani na hadi tarehe gani, na ni nani atakayetia saini siku ya kuifuta.