Zege Kuukuu Lisitupwe

Kikundi kikibomoa sakafu ya zamani au tangi lililopasuka, vipande vya zege hutupwa kwa laga. Hiyo ni hasara. Simiti hufika Kapedo kwa lori kutoka mbali, na nauli yake mnaijua.

Vunjeni vipande kwa nyundo kubwa hadi vitoshe ngumi. Ni mawe mazuri ya kujazia chini ya sakafu: tandazeni sentimita 15, nyunyizieni maji, kisha shindilieni. Yanafaa pia kuzunguka bomba la maji, pale akina mama wanaposimama kwenye matope. (Mabati ya asbesto msiyavunje kamwe, vumbi lake huua mapafu.)

Kwa njia ya miguu, vunjeni tena mpate kokoto, mpepete vumbi. Zege kuukuu hunywa maji sana, kwa hivyo lilowesheni siku moja kabla. Changanyeni karai 1 la simiti, 3 ya mchanga na 6 ya kokoto. Lakini nguzo na linta, hapana! Huko tumieni kokoto mpya.

Jambo kubwa hapa kwetu ni chumvi. Maji ya moto ya chemchemi zetu, yale yanayoteremka hadi Suguta, yana chumvi, nayo hula nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Basi zege lenye nondo likorogwe kwa maji matamu. Hata kokoto za zege lililokorogwa zamani kwa maji ya chemchemi zimebeba chumvi ile ile: ziwekeni njiani, mbali na nondo.