Kuanza Kurusha Helikopta ya Rimoti

Helikopta ya rimoti ni mashine kamili ya angani iliyopunguzwa ukubwa. Ina rota kubwa juu, rota ndogo mkiani, mota na betri, na hewa huibeba kwa kanuni zilezile zinazobeba helikopta ya abiria. Ndiyo maana ni ngumu kuliko droni. Droni ya mapanga manne, ile iliyozoeleka kwenye harusi, hujisawazisha yenyewe: mwongozaji akiachia vijiti, inabaki ilipo. Helikopta ikiinamia kulia huendelea kuteleza kulia, tena kwa kasi inayozidi, mpaka mkono uirudishe. Anayeanza anapaswa kulielewa hilo kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mashine nyingi zinazovunjika siku ya kwanza huwa hazina kasoro yoyote. Mkono ndio unaokuwa haujafundishwa.

Chini ya kichwa cha rota kuna sahani ya mviringo inayosukumwa na mota tatu ndogo ziitwazo sevo. Sahani ikipanda yote kwa pamoja, mapanga yote huongeza mwinamo na helikopta hupanda. Ikilala upande, kila panga huongeza mwinamo katika sehemu moja ya mzunguko na kuupunguza katika sehemu ya pili, na helikopta huenda inakoelekezwa. Rota ya mkiani huzuia kiwiliwili kisizunguke kinyume cha rota kubwa. Kila sehemu imefungamana na nyingine: mapanga yakiongezewa mwinamo, mota hulemewa, mkia hutaka kugeuka, na mashine hutaka kusogea kando. Jairo, kifaa cha kielektroniki kinachohisi mgeuko, huushika mkia usicheze.

Ugumu huo uliwachelewesha mafundi kwa miaka mingi baada ya ndege za kawaida za rimoti kuenea. Mjerumani Dieter Schlüter ndiye anayetajwa zaidi kwa kufungua njia mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 helikopta yake yenye umbo la Bell Huey Cobra iliuzwa kwa vipande vya kuunganisha nyumbani. Kwa muda mrefu baadaye, rota za helikopta ndogo zilikuwa na fimbo ya kutuliza iliyopita katikati ya mapanga. Siku hizi fimbo hiyo imeondolewa karibu kote, na kazi yake hufanywa na jairo ya pande tatu.

Madukani kuna aina tatu. Ya kwanza ina rota mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikizunguka pande tofauti. Hutulia sana, lakini ni ya sebuleni tu, na haimfundishi mtu mengi. Ya pili ina rota moja ambayo mapanga yake hayabadili mwinamo wa jumla. Ili ipande, mota huongezwa kasi. Ya tatu ni ile ambayo mapanga hubadili mwinamo huku kasi ya rota ikibaki ileile, nayo ndiyo helikopta yenyewe. Hupanda na kushuka papo hapo, huhimili upepo, na kwa mikono iliyokomaa huruka hata kichwa chini. Zamani anayeanza alishauriwa apite ngazi zote tatu. Kwa vifaa vya sasa ushauri huo umepitwa na wakati. Ni afadhali kuanza na aina ya tatu iliyo ndogo, yenye kifaa cha kujisawazisha ambacho kinaweza kuzimwa mazoezi yakikomaa, kama ilivyo kwenye Blade 230 S.

Kuhusu ukubwa, wapenzi wa helikopta husema ya 450, ya 500, ya 600 au ya 700. Kwenye kubwa namba hukaribia urefu wa panga moja kwa milimita, ila ya 450 ina panga la milimita 325 hivi, na rota yake ina kipenyo cha kama sentimita 70. Rota hiyo ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha ya panga hukata hewa kwa kasi inayozidi kilomita 360 kwa saa. Ni vyema hesabu hiyo ikae kichwani daima. Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na uzoefu aliuawa na helikopta yake mwenyewe. Mashine kama hii si ya kumpa mtoto aichezee uani.

Kitu cha kwanza kununua ni redio ya kuongozea. Helikopta huanguka na kubadilishwa, lakini redio nzuri humtumikia mtu miaka mingi na kwa mashine nyingi. Helikopta ya mapanga yanayobadili mwinamo huhitaji njia sita za mawasiliano au zaidi. Redio za sasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4, hivyo watu kadhaa wanaweza kurusha pamoja bila kuingiliana. Zamani kila mmoja alibeba fuwele ya masafa yake, na wawili waliolingana hawakuweza kuwasha kwa wakati mmoja. La kuangalia ni lugha ya redio: Spektrum na Futaba hazielewani, kwa hiyo redio lazima ilingane na kipokezi kilichomo kwenye helikopta. Baadhi ya redio za RadioMaster zina moduli inayozungumza lugha nyingi, nazo humfaa anayeanza kwa bei nafuu. Mpangilio wa vijiti pia huamuliwa mapema. Katika ule uitwao modi 2, unaotumiwa na wengi, kijiti cha kushoto hupandisha mashine na kugeuza mkia, na cha kulia huielekeza mbele, nyuma na kando. Mtu akishazoea modi moja, kuhamia nyingine ni taabu kubwa.

Redio ikipatikana, inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na mazoezi yanaanza ndani ya programu ya kuigiza urushaji, kama RealFlight au Heli-X. Hapa ndipo pesa na muda vinapozaa zaidi. Kwenye kompyuta, kuanguka hakugharimu chochote. Kinachofundishwa ni vidole vyenyewe, viache kufikiri, maana helikopta inayoteleza haimsubiri mtu akumbuke kijiti kipi ni kipi. Nusu saa kila jioni hufaa kuliko saa tano za Jumapili moja. Helikopta ya kweli haina haja ya kutoka kwenye boksi mpaka ile ya kwenye skrini itulie mahali pamoja kwa dakika kadhaa bila kuhangaika.

Wakati wa kuinunua ukifika, wengi huvutiwa na umbo na rangi, kumbe la msingi ni vipuri. Modeli iliyoacha kutengenezwa hubaki pambo baada ya ajali moja. Pamoja na mashine huagizwa mapanga ya akiba ya juu na ya mkiani, mihimili, na gia kubwa, ambayo meno yake ya plastiki ndiyo hukatika mwanzo. Vibali navyo huulizwa kabla ya kuagiza, kwa sababu sheria nyingi huweka helikopta ya rimoti katika kundi moja na droni. Kenya, kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020 husimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Tanzania, wa kuulizwa ni mamlaka yake, TCAA. Swali moja la mapema huokoa mzigo usikwame forodhani.

Betri inahitaji heshima ya pekee. Hizi ni betri za lithiamu-polima. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikijaa, na haipaswi kushushwa hadi karibu na volti 3. Helikopta ya 450 kwa kawaida hutumia seli tatu zenye uwezo wa mAh 2,200, nazo huirusha kwa dakika nne hadi sita. Saa ya redio hupangwa ili mashine itue betri ikiwa imebakiza asilimia 20. Anayesubiri mota ilegee huiua betri yake mapema. Chaja lazima iwe ya kusawazisha seli, na kasi salama ya kuchaji ni ampea zinazolingana na uwezo: kwa betri hiyo, ampea 2.2. Chaja nyingi hukubali umeme wa volti 12, hivyo betri ya gari inatosha kuchajia uwanjani au stima ikikatika nyumbani.

Betri hizi zikidhurika huweza kulipuka moto mkali. Huchajiwa juu ya vigae au saruji, mbali na pazia na godoro, mtu akiwa macho. Haziachwi ndani ya gari lililofungwa juani. Joto la gari lililoegeshwa mchana Mombasa au Dar es Salaam linatosha kuziharibu. Zikikaa siku kadhaa bila kazi huwekwa kwenye volti 3.8 kwa seli. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inashika chaji. Kwenye ndege ya abiria, betri za akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi huku ncha zake zimefunikwa.

Vifaa vya mkononi ni vichache: alenki ndogo za chuma kigumu, koleo, kipimo cha betri, na gundi ya kuzuia skrubu zinazoingia kwenye chuma zisilegee. Mtikisiko wa rota hufungua kila skrubu isiyotiwa gundi. Kabla ya kuruka mashine hukaguliwa kwa mkono. Kipimo kimoja cha zamani bado kinafaa: helikopta ikilazwa ubavu, mapanga yaliyokazwa sawasawa hayaanguki kwa uzito wake, lakini hulegea ikitikiswa kidogo. Yakikazwa mno hayajinyooshi yenyewe, na mashine nzima hutetemeka.

Uwanja wa kufaa ni wa wazi, wenye nyasi fupi, usio na watu wala nyaya za umeme, na ulio mbali na viwanja vya ndege. Pwani, asubuhi ndiyo saa yake, kabla ya upepo wa bahari kuamka. Redio huwashwa kwanza, swichi ya kukata mota ikiwa upande wa kukata, ndipo betri ya helikopta ichomekwe. Wakati wa kuzima, helikopta hutangulia na redio hufuata. Chini ya mashine hufungwa fimbo mbili ndefu zilizopishana, zenye vijipira kwenye ncha, ili isipinduke ikitua kombo. Mrushaji husimama nyuma yake, kama mita kumi kwa helikopta ya 450, mkia ukimwelekea yeye na pua ikielekea upepo. Hapo kulia kwa mashine ndiko kulia kwake.

Wengi huogopa kupanda, wakabaki sentimita 20 juu ya nyasi. Huko ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa hewa inayosukumwa na rota hugonga ardhi na kurudi ikiitikisa helikopta. Mita moja na nusu ni rahisi kuliko nusu mita. Ikitulia huonekana imeinama kidogo kulia, ikiwa rota inazunguka kufuata mshale wa saa kama zilivyo nyingi. Hiyo si kasoro: rota ya mkiani inaisukuma kando, na mwinamo huo unaupinga msukumo.

Kurusha mkia ukimwelekea mrushaji kukishazoeleka, mashine hugeuzwa kidogo kidogo ubavu wa kushoto na wa kulia, na mwisho pua humwelekea mrushaji. Hatua hii ya mwisho huvunja helikopta nyingi, kwa sababu kulia na kushoto hubadilishana, na kidole kilichozoea huitupa mashine upande uleule inakokimbilia. Dawa yake ni kurudi kwenye kompyuta, kisha kuja uwanjani ikiwa imepanda juu vya kutosha kusamehe kosa.

Ikianguka, swichi ya kukata mota huvutwa kabla haijagusa ardhi; mota inayolazimisha mapanga yaliyokwama hukata meno ya gia na kuunguza kidhibiti chake cha kasi. Kisha kila kitu hufunguliwa na kukaguliwa. Mhimili hubingirishwa juu ya kioo, na ukiwa umepinda hata kidogo utaonekana ukirukaruka. Gia huangaliwa jino kwa jino. Panga la kaboni lenye ufa haliungwi. Hukatwa vipande viwili na kutupwa, mtu mwingine asije akaliokota na kulifunga tena kwenye rota.