Sekunde za leza, miezi ya kupona

Konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni ya jicho, ina unene wa wastani wa mikromita 540 katikati. Ni nusu milimita na ushei. Upasuaji wa leza wa kumwondolea mtu miwani hukata kutoka kwenye nusu milimita hiyo, na nyama ya konea ikishachongwa hairudi. Leza yenyewe hufanya kazi kwa sekunde tu. Kwa mtu mwenye miwani ya namba -4, mashine nyingi za sasa humaliza kuchonga jicho moja kabla dakika haijatimia. Baada ya hapo ni zamu ya jicho, nalo hutumia wiki, miezi, na kwa upande wa neva zake, miaka.

Bei anayotajiwa mgonjwa dirishani ni ya zile sekunde. Gharama ya kupona hulipwa kwa unene wa konea, kwa siku za kazi, kwa matone ya macho na kwa uvumilivu, na ndiyo inayoamua kama upasuaji huo una faida.

Daftari la konea

Leza inayochonga huitwa eksima. Hutengenezwa kwa gesi za argoni na florini, na mwanga wake wa urujuanimno una urefu wa wimbi wa nanomita 193. Mnamo Novemba 1981, watafiti wa IBM jimboni New York, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walijaribu leza ya aina hiyo kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona inakata bila kuunguza kingo. Miaka miwili baadaye, daktari wa macho Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuonyesha kwamba konea nayo inaweza kuchongwa hivyo. Mwaka 1995, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine ya kwanza ya kurekebisha macho yasiyoona mbali.

Kila pigo la leza huondoa takriban robo ya mikromita. Kina kinachohitajika hukadiriwa kwa kanuni ya Munnerlyn: chukua kipenyo cha eneo linalochongwa kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa namba ya miwani, kisha gawanya kwa tatu. Kwa eneo la milimita 6.5, kila dayopta moja, yaani kila namba moja ya miwani, hula mikromita 14.

Tuchukue watu watatu wanaotaka LASIK, njia ambayo daktari hukata kwanza kifuniko chembamba cha konea, akakifunua, akachonga chini yake, kisha akakirudisha. Tuseme kifuniko kina unene wa mikromita 110.

- Mwenye namba -4 na konea ya 540: toa 110 za kifuniko na 56 za kuchongwa. Chini ya kifuniko zinabaki 374.
- Mwenye namba -10 na konea hiyohiyo ya 540: toa 110 na 141. Zinabaki 289.
- Mwenye namba -10 na konea ya 480: toa 110 na 141. Zinabaki 229.

Kiwango cha chini kilichozoeleka ni mikromita 250, na madaktari wengi hupendelea 300. Kipo pia kipimo cha pili: kifuniko na kilichochongwa kwa pamoja visifike asilimia 40 ya konea nzima. Mtu wa kwanza yuko kwenye asilimia 31. Wa pili amepita kiwango cha 250 lakini amefika asilimia 46, kwa hiyo daktari makini atasita. Wa tatu yuko kwenye asilimia 52 na anapaswa kurudishwa nyumbani na miwani yake, hata kama fedha anazo mkononi. Konea iliyokondeshwa kupita kiasi inaweza kuchongoka kwenda mbele, na hapo hata miwani haimsaidii tena ipasavyo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la konea hufunguliwa siku ya vipimo, kabla ya malipo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza namba tatu: konea yangu ina unene gani, utaondoa kiasi gani, na kitabaki kiasi gani?

Kwa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa ziada. Mzio wa macho ni tatizo la kawaida kwa watoto wetu, na mtoto mwenye mzio hufikicha macho mchana kutwa. Kufikicha kwa miaka mingi kunahusishwa na keratokonasi, ugonjwa wa konea kupungua unene na kuchongoka yenyewe, bila leza yoyote. Aliyekulia katika hali hiyo asikubali kulazwa chini ya leza bila konea yake kuchorwa ramani kwa mashine.

Njia tatu, kalenda tatu

LASIK ndiyo yenye kalenda fupi zaidi. Jicho huchoma na kutoa machozi kwa saa kadhaa, mgonjwa hulala, na wengi huamka kesho yake wakiona vizuri kiasi cha kurudi kazini katika siku chache. Ila kuona haraka si kupona haraka. Utafiti wa mwaka 2005 uliopima konea zilizotolewa kutoka kwa marehemu waliowahi kufanyiwa LASIK ulikuta kwamba, miaka kadhaa baada ya upasuaji, mshikamano wa kifuniko katikati ulikuwa takriban asilimia 2.4 tu ya nguvu ya konea ya kawaida, na pembezoni asilimia 28. Kwa maisha ya kawaida hiyo inatosha. Lakini pigo kali la jicho linaweza kukisogeza kifuniko hata baada ya miaka, ndiyo maana bondia au mcheza karate huelekezwa njia nyingine.

Njia hiyo ni PRK, iliyoitangulia LASIK. Hapa hakuna kifuniko. Daktari hukwangua ngozi ya juu ya konea, yenye unene wa mikromita 50 hivi, kisha leza huchonga moja kwa moja. Ngozi hiyo, tofauti na nyama iliyo chini yake, huota upya. Kwa hiyo zile mikromita 110 za kifuniko hazikatwi, na konea hubaki imara zaidi. Malipo yake ni maumivu.

Konea inakadiriwa kuwa na neva nyingi kuliko ngozi ya mwili mara 300 hadi 600, na kwa siku kadhaa neva hizo hubaki wazi. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu: machozi hayakatiki, mwanga wa dirishani unachoma, kope zinakataa kufunguka. Jicho huvikwa lenzi laini ya kulikinga, na ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni hadi ikutane katikati. Kwa kawaida hukutana kati ya siku ya tatu na ya tano, ndipo lenzi inapotolewa.

Hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Maumivu yamekwisha, lakini mgonjwa anaona ukungu, kwa sababu pale ngozi ilipokutana pana mwinuko mdogo katikati kabisa ya njia ya kuona. Mwinuko huo husawazika kadiri wiki zinavyopita. Kuona hutulia kati ya mwezi mmoja na mitatu. Katika kipindi hicho jicho la kulia linaweza kuwa bora asubuhi na la kushoto likalipita jioni, na hilo pekee si dalili ya ubaya.

Njia ya tatu ni SMILE, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Leza hukata kipande chembamba ndani ya konea, na daktari hukivuta kupitia tundu la milimita 2 hadi 4, ilhali mkato wa kifuniko cha LASIK huzunguka takriban milimita 20. Kuona hurudi taratibu kidogo kuliko LASIK katika siku za mwanzo, na maumivu hayakaribii ya PRK.

Zote tatu hukata neva, nazo neva ndizo zinazoliambia jicho litoe machozi. Ndiyo maana ukavu wa macho ndio mlalamiko mkuu wa miezi ya mwanzo. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi 6 hadi 12. Chini ya hadubini safari ni ndefu zaidi: wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka walionyesha kwamba msongamano wa neva hukaribia hali ya awali baada ya takriban miaka 2 kwa PRK na takriban miaka 5 kwa LASIK. Njia yenye maumivu makali ndiyo iliyorudisha neva mapema.

Wangapi hubaki na malalamiko

Takwimu zinazofaa kunukuliwa ni za miradi miwili ya PROWL, iliyoendeshwa na FDA pamoja na washirika wake: wanajeshi 262 wa jeshi la majini la Marekani na raia 312, wote wakiwa wamefanyiwa LASIK. Uzuri wake ni kwamba wagonjwa walijaza majibu wenyewe badala ya kusemewa na madaktari wao.

Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao. Matangazo hukomea hapo. Ila miongoni mwa wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na dalili yoyote ya tatizo la kuona, hadi asilimia 46 walipata angalau moja miezi mitatu baadaye: miduara kuzunguka taa, mng'ao, miale ya nyota usiku, au kuona vitu viwiliviwili. Na kati ya wasiokuwa na ukavu wa macho mwanzoni, hadi asilimia 30 waliupata. Waliosema dalili zinawapa shida kubwa katika shughuli za kila siku hawakufika asilimia 1.

Namba hizi hazipingani. Mtu anaweza kuridhika na bado akaona duara kwenye kila taa ya gari. Kwa mwalimu anayelala saa tatu usiku, duara hilo si kitu. Kwa dereva wa lori anayesafiri usiku kutoka bandarini kwenda bara, akimulikwa na malori yanayokuja mbele yake, ni suala la riziki na uhai. Asilimia ni ileile, gharama ni mbili tofauti.

Fedha na siku

Nchini Marekani, upasuaji huu kwa kawaida hugharimu zaidi ya dola 2,000 kwa jicho moja, na bima nyingi haziugusi kwa kuwa huhesabiwa kuwa si wa lazima. Tuseme macho yote mawili ni dola 4,400. Anayetumia dola 200 kwa mwaka kwa miwani atarudisha fedha zake baada ya miaka 22. Anayetumia dola 500 kwa mwaka kwa lenzi za kuvaa machoni na dawa zake atazirudisha chini ya miaka 9. Kliniki za leza zipo pia Nairobi na Dar es Salaam: msomaji achukue bei aliyotajiwa, aigawe kwa anachotumia yeye mwenyewe kwa mwaka, apate miaka yake.

Kisha aongeze yasiyoandikwa kwenye risiti. Wenye lenzi laini huziacha kwa wiki mbili hivi kabla ya vipimo, na wenye lenzi ngumu kwa wiki tatu au zaidi. Baada ya upasuaji kuna matone ya kuua vijidudu kwa takriban wiki moja na machozi ya dukani kwa miezi. Kwa PRK kuna pia matone ya steroidi yanayopunguzwa polepole, na hayo hupandisha shinikizo la jicho kwa baadhi ya watu, hivyo ni lazima mtu apimwe. Anayekwenda India kutibiwa ahakikishe nyumbani kuna daktari wa kumpima, kwa sababu chupa ya matone atarudi nayo na daktari wake atabaki kule. Anayetoka mkoani apange malazi ya wiki nzima karibu na kliniki, hadi lenzi ya kinga itolewe. Na jua letu la ikweta halina huruma kwa konea iliyochongwa: miwani myeusi ya kuzuia urujuanimno ni sehemu ya bajeti, maana mionzi hiyo inaweza kuchangia ukungu baada ya PRK.

Katika upande wa pili wa mizani kuna miwani. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa THRIVE huko Bangladesh: watu 824 wa umri wa miaka 35 hadi 65 waliokuwa hawaoni vizuri karibu waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miwani ya kusomea. Baada ya miezi minane, kipato cha kati cha waliopewa kilipanda kutoka dola 35.3 hadi 47.1 kwa mwezi, ongezeko la asilimia 33. Miwani hiyo haikuhitaji tone la dawa wala siku moja ya kupona. Nayo inatibu kitu ambacho leza ya kawaida ya kuona mbali haikigusi, yaani macho ya utu uzima. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na umri, na kuanzia miaka 40 hivi simu huanza kusogezwa mbali na uso, konea iwe imechongwa au la.

Kwa hiyo umri unaamua hesabu kuliko bei. Mtu wa miaka 25 anayevaa lenzi kila siku, namba yake imetulia kwa mwaka mzima, konea yake ni nene na hana ukavu wa macho, anajinunulia miaka 15 au zaidi bila kifaa chochote usoni. Kwake, miezi mitatu ya kupona ni mtaji mdogo. Mtu wa miaka 42 mwenye namba -2, anayeendesha gari usiku na ambaye macho yake humkauka ofisini, atapitia matone yaleyale na miezi ileile, kisha karibu mara moja atanunua miwani ya kusomea. Huyo, akinisikiliza, afanye vipimo, alipie vipimo tu, kisha akachague fremu inayompendeza.