Mtoto anayechelewa kuzungumza apimwe kwa lugha ya nyumbani kwao

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Watoto wengi wanaoanza shule katika vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu mkoani Simiyu hufika darasani wakizungumza Kisukuma pekee. Baadhi yao hukaa kimya kwa wiki kadhaa, na mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kudhani kuwa wana tatizo la usemi. Kosa la upande wa pili ni zito zaidi: mtoto mwenye tatizo halisi huachwa mwaka hadi mwaka kwa maelezo kwamba "bado hajazoea Kiswahili", ilhali miaka ya mwanzo ndiyo ambayo lugha hujengeka kwa wepesi.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha hutenganisha hali hizo mbili kwa kanuni moja, kwamba tatizo la kweli huonekana katika kila lugha ambayo mtoto anaitumia. Kwa hiyo anayepaswa kuulizwa kwanza ni mama au bibi. Je, mtoto hueleweka akicheza na ndugu zake? Akitumwa achukue kikombe ampelekee babu, hutekeleza? Akifanya hayo vizuri kwa Kisukuma, anahitaji kufundishwa Kiswahili, si tiba. Hali kadhalika, kuchanganya sauti za "l" na "r" ni athari ya kawaida ya lugha ya kwanza wala si ugonjwa.

Wapo wazazi wanaoshauriwa kuacha Kisukuma ili mtoto asichanganyikiwe. Ushauri huo hauna msingi. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuzungumza, na kumwondolea lugha ambayo nyumba nzima inaimudu ni kumpunguzia maneno ya kusikia kila siku.

Mzazi anapaswa kumpeleka mtoto kituo cha afya iwapo amefikisha mwaka mmoja bila kugeuka anapoitwa, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au ameacha maneno aliyokuwa akiyasema. Kipimo cha kwanza ni cha masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia hana namna ya kuokota maneno. Masikio yanayotoka usaha mara kwa mara na homa ya uti wa mgongo vinaweza kuharibu usikivu. Malaria kali nayo huacha athari: tafiti zilizofanyika Kilifi, nchini Kenya, zimeonesha kuwa baadhi ya watoto waliopona malaria iliyoathiri ubongo walibaki na matatizo ya lugha.

Kukata kimeo kwa wembe hakumfanyi mtoto azungumze. Huleta kutokwa na damu nyingi na maambukizi.

Tiba yenyewe haina sindano, na sehemu kubwa hufanywa na familia baada ya kuelekezwa. Mtoto anaponyoosha mkono kwenye maji, mama husema "minzi", kisha husubiri kidogo amtazame kabla ya kumpa. Kusubiri huko ndiko kugumu, maana watu wazima hupenda kujaza ukimya. Mtoto akijibu kwa neno moja, mzazi hulirudia na kuongeza la pili. Mwenye kigugumizi huachwa amalize sentensi yake. Kumwambia "sema polepole" au kummalizia maneno humwongezea hofu.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji ambaye hazungumzi, hutumika ishara za mikono, picha na vitu halisi. Katika vijiji vya Kilifi walezi walifundishwa nyumbani kutumia njia hizo kwa vifaa rahisi vilivyopatikana palepale, na wakaeleza kuwa mawasiliano na watoto wao yaliboreka. Hofu kwamba picha humfanya mtoto avivie kuzungumza haijathibitika. Hata mtoto aliyepandikizwa kifaa cha usikivu, huduma iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, huhitaji mafunzo ya muda mrefu, kwani kifaa humpa sauti tu. Lugha hujifunza baadaye.

Wataalamu wa fani hii nchini bado ni wachache, hivyo mzazi wa Simiyu asisubiri mpaka ampate mmoja karibu. Aanzie zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo mtoto anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bariadi, au Bugando jijini Mwanza. Kwa masuala ya shule, amwone afisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wengine, kwa hiyo kutozungumza si sababu ya kumkatalia uandikishaji.

Siku ya kwenda hospitali, mzazi abebe kadi ya kliniki na orodha ya maneno ambayo mtoto huyasema, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na aongozane na mtu anayeshinda naye nyumbani kila siku.