Mbio za Magari na Kiingereza cha Kila Siku



Mzee mmoja wa jumuiya yetu ametupa ruhusa ya kusimulia kisa chake, mradi tusimtaje jina. Alikwenda shuleni kuonana na mwalimu wa mwanawe wa miaka kumi na miwili, na kwa kuwa Kiingereza chake si kingi, mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa mkalimani. Mwalimu akafungua daftari la alama, akasema kwamba muhula wa kwanza ulikuwa mwema, lakini baada ya Krismasi "the wheels came off". Mtoto akamgeukia baba yake na kutafsiri bila kupepesa jicho: "Anasema baada ya Krismasi tulijifunza kutengeneza magurudumu." Baba akafurahi, akamshukuru mwalimu, akarudi nyumbani na fahari yake. Mwezi wa nne ikaja barua. Jirani alipomsomea, ndipo alipojua kuwa mwanawe ameshindwa masomo matatu.

Aliposimulia tulicheka, kisha tukanyamaza. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajawahi kuutegemea ulimi wa mtoto mbele ya daktari, benki au ofisi ya nyumba? Mzazi anayeisikia dunia kwa masikio ya mtoto wake hupungukiwa na madaraka siku hadi siku, na mtoto naye hubebeshwa mzigo usio wa umri wake, pamoja na kishawishi kisicho cha umri wake.

Tuangalie kilichomshinda mzee huyu. Maneno yale manne aliyajua, moja moja. Alisikia "wheels", akaambiwa magurudumu, akaridhika. Asichokijua ni nahau: kwamba Mwingereza akisema magurudumu yamechomoka, ana maana kuwa mambo yaliyokuwa yakienda vizuri yameharibika ghafla.

Bahati njema ni kwamba mtoto yule ni mpenzi mkubwa wa mbio za magari za Formula One. Tukamshauri baba asimfukuze mbele ya televisheni, bali avute kiti akae naye, na awashe yale maandishi yanayopita chini ya kioo. Sababu yetu ni ya kialimu. Nahau ni picha ambayo wasemaji wake wamekwisha kuisahau kuwa ni picha. Kitabu humpa mwanafunzi maneno matupu. Mbio humwonyesha picha na kumsikilizisha maneno kwa wakati mmoja.

Isitoshe, mchezo huu si mgeni kwetu. Waliokua Afrika ya Mashariki wanaikumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na wanalikumbuka jina la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Na hapa Uingereza ndipo mashindano ya dunia ya Formula One yalipofunguliwa, tarehe 13 Mei 1950, kwenye uwanja wa Silverstone, uliokuwa uwanja wa ndege za kivita.

Tuanze pale magari yanapojipanga. Gari lililo mbele kabisa liko katika "pole position". Nafasi hiyo haitolewi bure. Hupatikana katika majaribio ya siku iliyotangulia. Asili ya neno ni mashindano ya farasi, ambako "pole" ilikuwa nguzo ya upande wa ndani wa uwanja. Ukiambiwa kazini kuwa uko "in pole position" kupata cheo, maana yake una nafasi nzuri kuliko wenzako. Haina maana kwamba umekwisha kukipata! Wapo waliosherehekea mapema wakaja kujuta, kwani aliye mbele mwanzoni si lazima awe wa kwanza mwishoni.

Mbio zikishika kasi, utasikia kuwa dereva "has moved up a gear", yaani amepanda gia. Mwalimu akisema hivyo juu ya mtoto wako, mshukuru Mungu, maana mtoto ameongeza bidii. Injini ambayo silinda zake zote zinachoma sawasawa ni "firing on all cylinders". Mtu akikuambia leo hayuko hivyo, usimtafutie fundi. Hakulala vizuri, au ana mafua.

Msemo wa "put your foot down" una nyuso mbili. Kwa dereva ni kile tunachokiita kukanyaga mafuta. Kwa mzazi au msimamizi ni kushikilia msimamo na kukataa katakata. Msikilizaji hana budi kutazama ni nani anayeambiwa.

Katikati ya mbio gari huingia pembeni kubadilishwa magurudumu, kazi inayomalizika kwa sekunde mbili au tatu. Hiyo ni "pit stop". Familia ikisafiri kwa gari kutoka London kwenda Birmingham, kisha dereva akasema anahitaji "pit stop", anataka kusimama ajaze mafuta, anywe chai au aende msalani. Usitarajie sekunde tatu, hasa mkiwa na watoto.

Bendera nazo zina lugha yake. Ya njano huonya kuwa mbele kuna hatari na hairuhusiwi kumpita mwenzio. Nyekundu husimamisha mbio zote. Ya mirabaraba myeusi na myeupe humaliza. Katika maisha ya kila siku "a red flag" ni dalili ya hatari, ingawa maana hiyo haikutokana na mbio peke yake. Mtu akikupigia simu na kuomba namba za siri za benki, hiyo ni bendera nyekundu. Simamisha mazungumzo papo hapo.

Mwisho ni "the home straight", kipande cha njia iliyonyooka kuelekea kwenye mstari wa kumalizia. Waandishi wa michezo wa kwetu wana neno lao zuri kwa hatua hiyo: lala salama.

Wako wanaoona haya kusema Kiingereza kwa kuogopa kukosea. Hao tunawaomba wawasikilize madereva wanapozungumza na mafundi wao kwa redio. Max Verstappen ni wa Uholanzi, Fernando Alonso ni wa Hispania, na kila mmoja husema Kiingereza kwa lafudhi ya kwao, tena kwa kasi ya kilomita mia tatu kwa saa, na anaeleweka. Hata marehemu Murray Walker, mtangazaji aliyependwa kuliko wote nchini humu, aliyefariki mwaka 2021, alisifika kwa kuteleza ulimi mbele ya mamilioni ya watu. Mwezi Oktoba 1996, Damon Hill alipotwaa ubingwa wa dunia huko Suzuka, Japani, ubingwa ambao baba yake Graham alikuwa ameutwaa mara mbili kabla yake, Walker alisema inambidi anyamaze kwa kuwa ana "a lump in my throat". Nahau hiyo haihitaji mkalimani. Ni donge lile lile linalotukaba kooni sisi.

Na hapa mzee wetu akagundua jambo. Alipotaka kumweleza mwanawe kwa Kiswahili maana ya "the wheels came off", alisema mambo yamekwenda mrama. Mtoto akauliza, mrama ni nini? Baba akamwelezea chombo kinachoyumba ubavu hadi ubavu katika bahari chafu. Akamwambia pia kwamba usukani, kabla ya kuwa wa gari, ulikuwa wa jahazi, na kwamba kung'oa nanga ni kuanza safari. Waingereza wamechota nahau zao kwa farasi na injini, sisi tumechota zetu baharini. Tangu siku hiyo darasa lao lina walimu wawili: mtoto hufundisha njia ya magari, baba hufundisha ya majahazi.

Muhula huu walirudi shuleni. Mwalimu alisema hesabu sasa ziko "back on track", yaani zimerudi njiani, lakini kwa upande wa historia, mzazi itabidi "put your foot down". Mtoto akafungua kinywa atafsiri. Baba akainua kidole: "Nimesikia." Sasa televisheni haiwashwi Jumapili, hata kuwe na mbio gani, mpaka daftari la historia limeletwa mezani na kukaguliwa. Mtoto analalamika. Mkalimani wake wa malalamiko bado hajapatikana.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu: kila mzazi atazame mbio moja pamoja na mtoto wake, aandike nahau tatu alizozisikia, kisha amfundishe mtoto nahau tatu za Kiswahili zinazofanana nazo. Tutayasahihisha madaftari yote mawili, la mzazi na la mtoto, kwa kalamu moja.