Hummus Ilianzia Wapi?

Mei 2010, wapishi wa Lebanon walijaza sahani kubwa kwa kilo 10,452 za hummus. Tarakimu hizo zilichaguliwa kwa makusudi: ndizo kilomita za mraba za nchi yao. Miezi michache kabla, Abu Ghosh, mji wa Waarabu ulio karibu na Jerusalem nchini Israel, ulikuwa umeweka rekodi ya dunia kwa sahani ya zaidi ya tani nne. Tangu 2008 wenye viwanda wa Lebanon walitaka jina la chakula hicho lilindwe kisheria kuwa lao, kama Ugiriki ilivyofanikiwa kwa jibini ya feta.

Ushahidi wenyewe uko kwenye mbegu za kale na vitabu vya mapishi.

Tuanze na dengu, zile punje za mviringo zenye kijincha. Mmea mama wa porini, Cicer reticulatum, unaota hadi leo kusini-mashariki mwa Uturuki. Huko na kaskazini mwa Syria ndiko watu walikoanza kupanda dengu takriban miaka 10,000 iliyopita. Ufuta, unaosagwa kuwa tahini, asili yake ni Bara Hindi. Limau nalo lilitoka Asia, na Waarabu ndio walioeneza kilimo chake kandokando ya Mediterania. Kwa hiyo kula dengu ni jambo la kale mno, lakini hummus ya leo ilingoja mimea hii ikutane.

Maandishi yanatupeleka Misri na Syria. Katika vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya karne ya 13 na 14 dengu zinapondwa kwa siki, mafuta, malimau ya chumvi na viungo. Pishi moja, hummus kasa, lina tahini, na pia lozi, pistachio, mdalasini, nanaa na giligilani! Ni chakula kizito kuliko tunachokijua, ila ukoo unaonekana wazi. Charles Perry, Mmarekani aliyetafiti mapishi hayo, anaiona Damascus ya karne ya 18 kuwa ndiyo yenye hoja nzito zaidi kwa hummus ya sasa. Kwa vyovyote, ramani ya mataifa ya leo haikuwapo.

Wapishi hao walipata pia jambo ambalo sayansi imekuja kulieleza baadaye. Protini ya dengu ina laisini nyingi na methionini chache (zote ni asidi amino, vijenzi vya protini). Ya ufuta ni kinyume chake. Zikichanganywa, kila moja inaziba pengo la mwenzake. Na magadi yanayotiwa chunguni yanavunja pektini inayoshikilia kuta za seli, ndiyo maana dengu zinalainika hadi kuwa uji mzito.

Tanzania inalima vyote viwili: dengu kwenye udongo mweusi wa Shinyanga na Simiyu, ufuta huko Lindi na Mtwara. Sehemu kubwa inauzwa nje. Dengu zetu nyingi ni ndogo, za kahawia, zenye ganda gumu, basi ziloweke usiku kucha, zichemshe na magadi kidogo, uzimenye, kisha uzisage pamoja na ufuta, limau, kitunguu saumu na chumvi. Usingoje kopo la dukani.