Kifaa cha kuchuja intaneti kikikataa kufanya kazi nyumbani, kampuni ya Wi-Fi imsaidie mzazi hadi wapi?

Shule zinapofungwa, Wi-Fi ya nyumbani ndiyo yaya wa kwanza kuandikwa kazi. Mzazi anaondoka kwenda kibaruani au sokoni, watoto wanabaki na simu, runinga na kishikwambi, na intaneti ya mwezi imeshalipiwa. Baadhi ya wazazi wameamua kununua kifaa kidogo cha kuzuia picha chafu na kukata intaneti saa za kulala. Kifaa kinaletwa, kinachomekwa kwenye stima, kisha hakifanyi kazi. Mzazi akipigia kampuni ya intaneti simu, anaambiwa kifaa si chao. Akimpigia aliyemuuzia, anaambiwa shida iko kwa kampuni.

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na sababu iko ndani ya kile kisanduku chenye taa ambacho fundi wa kampuni hufunga ukutani na ambacho wengi hukiita ruta.

Ruta ndiyo mlango wa nyumba. Kila simu inayojiunga na Wi-Fi hupewa na ruta vitu viwili: nambari ya kutumia ndani ya nyumba, na maelekezo ya mahali pa kuulizia majina. Mtoto anapoandika jina la tovuti, simu yake haiwezi kuifikia kwa jina hilo. Lazima kwanza iulize huduma inayoitwa DNS, ambayo ni kama kitabu cha nambari za simu, ipewe nambari ya tovuti. Vichujio vingi vya nyumbani hufanyia kazi hapo. Badala ya kutumia kitabu cha kawaida cha kampuni, nyumba nzima huelekezwa kwenye kitabu kingine ambacho hakitoi nambari za tovuti za ngono. Simu ikikosa nambari, ukurasa haufunguki.

Vitabu vya aina hiyo vipo vya bure. Kampuni ya Cloudflare ilianza kutoa chake cha familia Aprili 2020, na anwani zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. OpenDNS nayo ina huduma ya FamilyShield, anwani 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Mzazi anayeweza kuingia kwenye mipangilio ya ruta yake na kuandika nambari hizo hana haja ya kununua kifaa chochote ili kuzuia tovuti chafu. Wauzaji wa vifaa hawana haraka ya kulisema hilo.

Lakini kuingia huko ndiko kwenye kazi. Neno la siri la Wi-Fi, lile linaloandikwa kwenye kibandiko, si neno la siri la kuingia kwenye mipangilio. Kampuni nyingine humpa mteja yote mawili. Nyingine hubaki na la pili, au humfungulia mteja sehemu tu ya mipangilio, kwa hoja kwamba ruta ni mali ya kampuni na mteja akiiharibu ni fundi wao atakayetumwa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mteja asiyeweza kubadilisha DNS, na asiyeelezwa njia nyingine, anabaki na mlango wa nyumba yake ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Hata anayefaulu kubadilisha anaweza kukuta kazi yake imefutika. Kampuni huweza kuirekebisha ruta kutoka mbali, na fundi akiirudisha katika hali ya kiwandani ili kutatua tatizo la kasi, nambari za mzazi huondoka. Vivyo hivyo kijana wa miaka 14 akibonyeza kitufe kilicho ndani ya kitundu kwa kutumia sindano.

Njia ya pili ni mzazi kuunganisha ruta yake mwenyewe nyuma ya ile ya kampuni, kisha watoto watumie Wi-Fi ya ruta hiyo tu. Hapa malalamishi huwa mengi. Ruta mbili zinazogawa nambari katika nyumba moja huweza kukwamisha michezo ya mtandaoni na baadhi ya kamera za usalama. Na Wi-Fi ya kampuni isipozimwa, watoto wataendelea kuitumia kama kwamba hakuna kilichonunuliwa. Msaada unaohitajika kutoka kwa kampuni si mkubwa: izime Wi-Fi ya ruta yake, au iifanye ruta hiyo kuwa njia ya kupitisha intaneti tu, hali ambayo mafundi huiita briji. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi, lakini mteja hana budi kuiomba kwa jina lake.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwa macho. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni chache duniani, hivyo kampuni huweza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Huduma ya kuchuja inayomtambua mteja kwa anwani hiyo haiwezi kutenganisha nyumba yake na ya jirani, na mipangilio aliyoichagua haitashika ipasavyo. Kampuni ikiwa imeanza kutoa anwani za mtindo mpya, IPv6, simu inaweza kuuliza majina kupitia njia hiyo mpya huku mzazi akiwa ameziba ile ya zamani pekee. Kifaa si kibovu, lakini hakuna duka litakalolitambua tatizo hili bila maelezo ya kampuni.

Je, serikali ya kaunti inaweza kuziagiza kampuni zisaidie? Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya na ponografia. Jedwali hilohilo linaiachia serikali ya kitaifa masuala ya mawasiliano ya simu. Kwa hiyo kaunti inaweza kuelimisha wakaazi, lakini leseni na masharti ya kampuni za intaneti yako mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwaka 2025 Mamlaka hiyo ilitoa mwongozo wa kulinda watoto mtandaoni unaozihusu kampuni za sekta hiyo. Nchini Uingereza, kampuni nne kubwa zilikubali mwaka 2013 kumtaka kila mteja mpya achague kama anataka kichujio au la. Kwa mteja wa hapa, ulizo hilo linafaa litoke kwake mwenyewe.

Na ana msingi wa kuuliza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma anayoinunua. Wakati mzuri wa kuitumia haki hiyo ni kabla ya kutia sahihi, fundi akiwa bado hajatoboa ukuta. Mzazi aulize kama atapewa neno la siri la mipangilio, kama anaruhusiwa kubadilisha DNS, kama ruta inaweza kuwekwa katika hali ya briji, na nini hutokea kwa mipangilio yake fundi akiifanyia ruta matengenezo. Aulize pia kama kampuni ina kichujio chake yenyewe na kinagharimu kiasi gani. Majibu ya maandishi, hata ya ujumbe wa simu, yana nguvu kuliko ahadi ya ajenti mlangoni.

Anayeishi kwenye ploti na kutumia Wi-Fi ya landilodi au ya vocha hana ruta ya kugusa. Kwake, pa kuanzia ni simu ya mtoto. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao. Mzazi akiandika humo family.cloudflare-dns.com, kichujio kitafanya kazi hata mtoto akiacha Wi-Fi na kununua bando. Ruta haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu haina mamlaka juu ya data ya simu. Kijana mjanja anaweza kuifuta anwani hiyo au kupakua VPN, kwa hivyo ni vyema simu ikaguliwe mara kwa mara, mtoto akijua kwamba inakaguliwa.

Kuna jambo moja ambalo DNS haiwezi kamwe. Inazuia tovuti, haisomi mazungumzo. Mtu mzima anayemwandikia msichana wa darasa la saba kwenye WhatsApp akimwomba picha hapiti kwenye tovuti yoyote iliyozuiwa. Kifaa kitaonyesha kwamba kila kitu ni shwari.

Anayenunua kifaa cha kulipia asome pia kinachokusanywa. Vingine hutunza orodha ya kila tovuti iliyotembelewa na kuituma kwa mtengenezaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto.

Mteja aliyenyimwa msaada aanze kwa kuwasilisha malalamishi kwa kampuni yenyewe na kuhifadhi nambari ya malalamishi atakayopewa. Asiporidhika, ayapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na nambari hiyo. Mtoto akiwa ameshatishwa, ameombwa picha au ameshawishiwa kukutana na mtu, suala hilo si la ruta tena. Simu ya kupiga ni 116, ya Childline Kenya, na haitozwi. Mzazi asifute ujumbe huo, kwa kuwa ndio ushahidi ambao polisi watauhitaji.